Kufunga intakula nyumbani: Faida yake ni uhai wa injini, si kubeba lumbesa

WAFANYABIASHARA wa mazao wa Nyanda za Juu Kusini wanaijua milima yao kwa majina. Aliyepakia vitunguu Ruaha Mbuyuni kwa ajili ya soko la Iringa au Mbeya huanza safari katika bonde lenye joto, na kabla hajafika Ilula anakutana na Kitonga. Anayetoa mchele Kyela huanza karibu na usawa wa Ziwa Nyasa, hupita Tukuyu na kuendelea kupanda hadi Isongole, ndipo ateremke Uyole. Hata mtu wa Ipogolo anayepeleka nyanya katikati ya mji wa Iringa lazima kwanza aumalize mlima.

Ni katika milima hiyo ambapo mwenye gari la tabo huona mshale wa joto la maji ukipanda, gari likikosa nguvu na moshi mweusi ukitoka nyuma. Akifika gereji, ushauri anaopewa mara nyingi ni mmoja: afunge intakula. Kifaa hicho hupatikana kwenye maduka ya spea za mtumba, na fundi mwenye vifaa anaweza kukifunga uani kwa mteja kwa siku moja au mbili.

Swali analopaswa kujiuliza mwenye gari kabla ya kutoa fedha ni nini hasa anachonunua. Intakula iliyofungwa vizuri huipunguzia injini joto na kuiongezea maisha. Iliyofungwa vibaya, au iliyofungwa ili gari libebe zaidi, inaweza kuiua injini ileile iliyokusudiwa kuokolewa.

Tabo inafanya nini mlimani

Injini ya dizeli inahitaji hewa ili iunguze mafuta. Mahali palipoinuka hewa ni nyepesi. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kwa kimo hicho msukumo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na ule wa Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo inapofika huko huwa imepoteza sehemu inayokaribia hiyo ya nguvu zake, hata kama ni mpya.

Tabo ni dawa ya tatizo hilo. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905: moshi unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo huzungusha jingine linaloshindilia hewa kuingia kwenye silinda. Hewa ikiwa nyingi, dizeli huungua vizuri na nguvu huongezeka.

Lakini hewa ikishindiliwa hupata joto. Kila aliyewahi kujaza upepo kwenye tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono amelihisi joto hilo kwenye bomba la pampu. Kwa gari lililopo Mbeya, lenye tabo inayosukuma pauni 9 hivi, hewa iliyoingia ikiwa na nyuzijoto 25 hutoka kwenye tabo ikiwa na takriban nyuzijoto 100. Hilo ni joto la maji yanayochemka.

Hewa yenye joto hutanuka. Kwa hiyo sehemu ya faida ya tabo hupotea njiani kabla hewa haijafika kwenye silinda. Mlimani hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu tabo inafanya kazi kubwa zaidi kuishindilia hewa nyepesi ili ifikie msukumo uleule.

Hapo ndipo intakula inapoingia. Ni kama rejeta, isipokuwa badala ya maji, ndani yake hupita hewa inayotoka kwenye tabo kwenda kwenye injini. Upepo wa nje hupita katikati ya mapezi yake na kuondoa joto. Intakula ya kawaida inaweza kuishusha hewa hiyo ya nyuzijoto 100 hadi nyuzijoto 50 au 55. Ukitoa msukumo kidogo unaopotea ndani ya mabomba, injini hupata hewa zaidi kwa asilimia 10 hadi 12 hivi.

Gari gani linafaa

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kuwa gari lina tabo. Hili linaonekana dogo, lakini magari mengi yanayobeba mazao hayana. Land Cruiser zenye injini ya 1HZ hazina tabo zinapotoka kiwandani. Canter nyingi za zamani zenye injini za 4D32 na 4D33 nazo hazina. Kwa magari hayo intakula haina kazi yoyote, kwa kuwa hakuna hewa iliyoshindiliwa ya kupozwa.

Kundi la pili ni magari ambayo tayari yanayo kutoka kiwandani. Land Rover Defender za 200Tdi, zilizoanza mwaka 1990, na zile za 300Tdi zilizofuata mwaka 1994, zina intakula iliyowekwa pembeni mwa rejeta. Hilux zenye injini ya 1KD nyingi zinayo juu ya injini, chini ya tundu la kwenye boneti. Mwenye gari la aina hii hahitaji kununua nyingine. Anachohitaji ni kuisafisha iliyopo na kukagua mipira yake.

Kundi linalohusika hasa ni la tatu, yaani magari yenye tabo bila intakula. Humo zimo Surf za zamani zenye injini ya 2L-TE, Surf za mwanzo za 1KZ-TE, na Land Cruiser za miaka ya 1990 zenye injini ya 1HD-T. Injini ya 1KZ-TE, yenye ujazo wa lita 3, inajulikana kwa silinda hedi yake ya alumini kupata ufa inapozidiwa na joto. Kwa mwenye gari la aina hiyo anayepanda Kitonga na mzigo, kushusha joto si anasa.

Rejeta kwanza

Hata hivyo, gari linalochemsha maji lisifungiwe intakula kabla chanzo cha kuchemsha hakijajulikana. Intakula hupoza hewa inayoingia kwenye silinda, haipozi maji. Rejeta iliyoziba, feni iliyolegea, mfuniko wa rejeta usioshika au pampu ya maji iliyochoka vitaendelea kuleta tatizo lilelile.

Vivyo hivyo kwa moshi mweusi. Moshi huo maana yake ni dizeli kuwa nyingi kuliko hewa. Huenda sababu ni kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, mpira wa tabo uliopasuka au nozeli mbovu. Mambo hayo yote hugharimu fedha ndogo kuliko intakula, na yakirekebishwa yanaweza kumaliza kazi. Tabo nayo ikaguliwe: ikiwa mhimili wake unacheza au inamwaga oili kwenye bomba la hewa, itengenezwe kwanza.

Mahali pa kuiweka

Kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii ni la mahali. Intakula bila upepo ni chuma kilichoongezwa kwenye gari.

Wapo wanaoiweka juu ya injini na kukata tundu kwenye boneti. Mabomba huwa mafupi na gari huitikia mguu haraka. Tatizo ni kwamba mlimani gari hupanda polepole, upepo unaoingia kwenye tundu ni mdogo, na joto la injini linapanda kutoka chini. Intakula iliyokaa hapo huanza kupata joto badala ya kulitoa. Anayechagua sehemu hiyo kwa gari la mizigo hana budi kuifungia feni ya umeme.

Wengine huiweka mbele ya rejeta, nyuma ya shoo. Hapo inapata upepo baridi, na feni ya injini huuvuta hata gari likienda polepole. Gharama yake ni kwamba inaikinga rejeta. Joto ambalo intakula inaongeza kwenye upepo huo ni dogo likilinganishwa na lile linalotolewa na rejeta, lakini mapezi yake huzuia upepo kupita. Intakula nene iliyofunika rejeta nzima inaweza kulifanya gari lililokuwa salama lianze kuchemsha. Inayofaa ni nyembamba na pana, iliyofunika sehemu tu ya rejeta, na mianya ya pembeni izibwe kwa sponji au mpira ili upepo usikwepe.

Panapokuwa na nafasi, mpangilio wa Land Rover wa kuziweka rejeta na intakula bega kwa bega ndio unaoleta matatizo machache. Nyuma ya bampa chini ya taa pia panafaa, mradi upepo uwe na njia ya kuingia na ya kutokea. Kwa barabara za vijijini kama za Umalila au Uporoto, sehemu ya chini sana si salama kwa sababu ya mawe na tope.

Kazi yenyewe

Intakula nyingi zinazouzwa ni za mtumba, zimetolewa kwenye magari yaliyokatwa. Kabla ya kununua, mteja aangalie kama mapezi yamelala, kama kuna alama za kuchomelewa, na kama ndani mna oili nyingi au vipande vya chuma. Gari lililotoa intakula hiyo huenda tabo yake ilivunjika, na vipande vilivyobaki ndani vitaingia moja kwa moja kwenye injini mpya.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuiosha ndani kwa mafuta ya taa, kuisuuza zaidi ya mara moja na kuiacha ikauke kabisa. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na moto. Oili ikibaki nyingi ina hatari yake: injini ya dizeli inaweza kuivuta na kuiunguza kama mafuta, ikapandisha mzunguko yenyewe. Hali hiyo ikitokea, kwenye injini nyingi kuzima swichi hakusaidii.

Hatua ya pili ni kuipima kama inavuja. Fundi huziba mdomo mmoja, huweka vali ya tairi kwenye mdomo wa pili, kisha hujaza upepo taratibu hadi pauni 15, bila kuzidi 20, na kupaka povu la sabuni. Panapotokea mapovu ndipo panapovuja. Vizibo vifungwe imara na mtu asisimame mbele yake, kwa kuwa kikiruka kinaumiza.

Hatua ya tatu ni mabomba. Kwa injini ya lita 2.4 hadi 3, bomba la kipenyo cha inchi 2 hadi inchi 2 na nusu linatosha. Bomba kubwa zaidi na lenye kona nyingi huchelewesha hewa, na dereva huhisi gari likisita kabla ya kuvuta. Bomba la alumini ni jepesi, lakini kulichomelea kunahitaji mashine yake na mtu aliyejifunza. Asipopatikana, bomba la chuma linafaa, mradi takataka za kuchomelea zisafishwe ndani zote. Kila mwisho wa bomba uwe na ukingo uliovimba kidogo ili mpira usichomoke presha inapopanda.

Mipira ya maji ya rejeta haifai kwa kazi hii. Joto na mvuke wa oili huilainisha, na siku moja hupasuka katikati ya mlima. Inayotakiwa ni mipira ya silikoni au ile iliyotengenezwa kwa ajili ya tabo, ikishikwa kwa klipu pana za kukaza kwa nati.

Hatua ya nne ni kuishikilia. Intakula isichomelewe moja kwa moja kwenye bodi ya gari. Ikalie mipira, kwa sababu injini inatikisika na barabara zina makorongo. Ikikazwa chuma kwa chuma, mishono yake hupasuka baada ya muda. Kwa injini zenye kompyuta kama 1KZ-TE, sensa zilizo kwenye njia ya hewa zirudishwe zisome hewa iliyokwisha kupita kwenye intakula, si kabla yake. Mwisho, waya na mabomba ya breki yaliyosogezwa yakaguliwe yasiguse kitu chenye joto au chenye ncha.

Kipimo kabla na baada

Mteja asitegemee kusikia tu kwamba gari sasa linavuta. Njia ya uhakika ni kuweka kipimajoto kwenye bomba la hewa linaloingia kwenye injini, na kupima siku mbili: moja kabla ya kufunga na nyingine baada ya kufunga. Iwe mlima uleule, mzigo uleule, gia ileile na saa ileile ya siku. Mshale wa joto la maji nao uandikwe.

Kama hewa imeshuka kwa nyuzijoto 40 au zaidi na maji yamebaki palepale, kazi ni nzuri. Kama hewa imeshuka chini ya nyuzijoto 20, upepo haupiti na mahali pabadilishwe. Kama hewa imeshuka lakini maji yamepanda, rejeta inanyimwa upepo, na gari lisipewe safari ndefu hadi tatizo hilo litatuliwe.

Kishawishi cha kuongeza dizeli

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Baada ya kufunga, fundi anaweza kushauri pampu ya dizeli ifunguliwe kidogo ili gari lipate nguvu zaidi. Ni kweli kwamba hewa ikiongezeka, dizeli zaidi inaweza kuungua. Lakini hewa hiyo ya ziada ndiyo iliyokuwa ikishusha joto ndani ya silinda. Dizeli ikiongezwa hadi kuimaliza, joto linarudi lilipokuwa au kupita hapo, na sasa pistoni, silinda hedi na gasketi zinabeba nguvu ambayo hazikutengenezewa.

Anayetaka injini idumu aiache pampu kama ilivyokuwa. Dalili kwamba intakula inafanya kazi yake ni moshi kupungua mlimani na gari kupanda kwa gia ileile bila kuhema. Mwenye kung'ang'ania kuongeza dizeli afunge kwanza kipimajoto cha ekzosi, na dereva aondoe mguu kinapokaribia nyuzijoto 700.

Hesabu ya faida

Wapo wanaofunga intakula wakitarajia kurudisha fedha kupitia mafuta. Tuseme gari linakula lita 12 kwa kilomita 100. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, hivyo safari moja ni takriban lita 100. Hata kama intakula ingeokoa asilimia 3, hizo ni lita 3 kwa safari. Itachukua safari nyingi kurudisha bei ya kifaa, mabomba, mipira na ufundi.

Faida halisi iko kwingine. Silinda hedi ikipata ufa njiani, mwenye gari analipa spea, fundi na gari la kuvuta, na wakati huo huo nyanya zake zinaoza kwenye matenga. Mfanyabiashara apige hesabu ya hasara hiyo moja kisha ailinganishe na bei ya kufunga. Anayepanda mlima mkubwa na mzigo kila wiki ataona inalipa. Anayezunguka kati ya Mwanjelwa na Soweto mjini Mbeya kwa mizigo midogo atafanya vizuri zaidi kununua matairi.

Nguvu ya kupanda si nguvu ya kushuka

Jambo la mwisho linahusu uhai wa watu. Gari linalopanda kwa wepesi humfanya tajiri wa gari aamini kwamba linaweza kubeba zaidi. Gunia la viazi la lumbesa huhesabiwa kama gunia moja, wakati uzito wake ni wa gunia moja na sehemu ya jingine. Magunia 30 ya namna hiyo yana uzito ambao dereva haujui.

Intakula haiongezi chochote kwenye breki, springi, ekseli wala matairi. Mazao mengi ya Nyanda za Juu Kusini husafirishwa kuelekea Dar es Salaam, maana yake gari lenye mzigo kamili huiteremka Kitonga badala ya kuipanda. Kwa upande wa Mbeya, miteremko ya Inyala na Mbalizi inajulikana kwa ajali za magari yaliyokosa breki. Huko chini hakuna tabo wala intakula inayosaidia. Kinachosaidia ni gia ndogo, breki nzima na mzigo wa kiasi.

Aidha, mizani ya TANROADS haiulizi injini ina nguvu gani. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2019, inahusu magari yenye uzito wa kuanzia tani 3.5, na kipimo chake ni ekseli na uzito wa jumla.

Baada ya kufunga, matunzo ni machache. Klipu zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Wakati wa masika mapezi yaoshwe kwa maji ya presha ndogo kutokea nyuma kwenda mbele, ili tope lisishindiliwe ndani zaidi. Kichujio cha hewa kibadilishwe mapema wakati wa kiangazi. Na kila gari linapomaliza mlima mkubwa, dereva aiache injini isilale ghafla, bali iungurume dakika moja au mbili ili oili iipoze tabo kabla ya kuzimwa.